Mgombea umeya akikuahidi nyumba za bei nafuu, mkague hivi

Uchaguzi wa meya wa New York wa 2025 wengi tuliufuatilia kwa sababu ya Zohran Mamdani, mtoto wa kuzaliwa Kampala ambaye ndiye aliyeshinda, lakini kilichoubeba ule uchaguzi ni kodi ya nyumba. Utafiti wa jiji lenyewe wa 2023 ulikuta nyumba za kupanga zilizokuwa wazi ni asilimia 1.41 tu, kiwango cha chini kabisa tangu 1968, na mji ukishafika hapo mpangaji hana pa kukimbilia, akiongezewa kodi atalipa tu. Kwa hiyo kila mgombea akaja na namba yake kubwa ya nyumba. Nataka nikuonyeshe namna ya kuzikagua hizo namba, natumia New York maana kule mambo mengi yako hadharani, ila maswali ni yaleyale hata kama meya unayemchagua wewe ni wa mji mwingine kabisa.

Swali la kwanza, na kama kwenye mkutano wa kampeni umepewa nafasi ya kuuliza moja tu basi uliza hili: nafuu kwa mshahara wa nani?

Hapa ndo watu wengi wanapigwa. New York wanapanga bei za nyumba hizi kwa kutumia kitu kinaitwa mapato ya kati ya eneo, yaani kipato ambacho nusu ya familia ziko juu yake na nusu chini yake, ila hesabu yenyewe inachanganya jiji na kaunti za jirani ambako kuna watu wenye hela zao, na ina marekebisho mengine juu yake. Kwa 2025 familia ya watu watatu kipimo kilikuwa dola 145,800 kwa mwaka. Halafu kanuni inasema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Sasa chukua kalkuleta. Nyumba iliyotengwa kwa wenye asilimia 30 ya kile kipimo, kodi yake inakuja kama dola 1,093 kwa mwezi. Ya asilimia 80 inafika kama 2,916. Ya asilimia 130 inapita 4,700! Na zote hizo, jamani, kwenye karatasi za jiji zinaweza kuhesabiwa ni nyumba za bei nafuu. Mfanyakazi wa kima cha chini, dola 16.50 kwa saa mwaka huo wa 2025, akifanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima bila kuruka anapata kama 34,320, ambayo asilimia 30 yake ni dola 858 kwa mwezi, kwa hiyo kama familia inategemea mshahara wake peke yake hata ile ya chini kabisa hapo juu hawaifikii. Kwa hiyo mgombea akisema nyumba laki mbili usipige makofi kwanza, mwambie azigawanye: ngapi za mhudumu wa usafi, ngapi za mwalimu, ngapi za mtu ambaye tayari angeweza kupanga popote. Mgombea aliyejiandaa atakuwa na majibu. Akianza kuzunguka, umeshajua.

Swali la pili ni ufunguo uko mkononi mwa nani. Meya siyo mfalme, na ahadi nyingi za nyumba zinaahidi vitu ambavyo anayeviamua ni bunge la jimbo, au serikali kuu, au mahakama.

Ahadi iliyompa Mamdani umaarufu ni kugandisha kodi, yaani kodi isipande hata senti, kwa zile nyumba karibu milioni moja ambazo kodi yake inadhibitiwa kisheria. Je meya anaweza? Hapa jibu ni karibu ndiyo, na ndo maana mi naiona ni ahadi nzito kuliko zilivyo nyingi. Kiwango cha kupanda kinaamuliwa na bodi ya watu 9, wote wanateuliwa na meya: wawili upande wa wapangaji, wawili upande wa wenye nyumba, watano wa umma. Na imeshafanyika, enzi za meya Bill de Blasio bodi ilipitisha sifuri kwa mikataba ya mwaka mmoja mara tatu, 2015, 2016 na 2020. Chini ya Eric Adams, meya aliyemfuata, ikawa inapandisha, Juni 2025 waliweka asilimia 3 kwa mkataba wa mwaka mmoja na 4.5 kwa wa miaka miwili. Ila angalia na mipaka yake. Wajumbe wana vipindi vyao, kwa hiyo meya mpya hakuti viti vyote 9 vitupu vinamsubiri, na sheria inawataka waangalie gharama za kuendesha majengo, hawawezi kuamka tu wakasema sifuri bila kupitia hesabu. Tena kuganda huko hakumgusi mpangaji aliyeko kwenye nyumba ya soko huria, hilo mgombea asipolisema mwenyewe lazima umuulize. Na umuulize pia jengo la zamani ambalo kodi zake haziongezeki, bomba likipasuka hela ya kulitengeneza inatoka wapi, maana wenye majengo ya aina hiyo walilia sana kwenye ile kampeni na siyo wote walikuwa waongo.

Ukitaka kuona ahadi iliyogonga ukuta kwa sababu ya swali hilihili, angalia Berlin. Februari 2020 waliweka ukomo wa kodi kwa sheria ya mji wenyewe, wapangaji wakafurahi, kodi nyingine zikashushwa kabisa. Aprili 2021 mahakama ya katiba ya Ujerumani ikaifuta yote, siyo kwa sababu eti ukomo ni mbaya, ila kwa sababu Berlin haikuwa na mamlaka ya kuutunga, mamlaka yalikuwa ya serikali ya shirikisho. Kuna wapangaji walidaiwa ile tofauti warudishe. Watu wa kawaida walilipia kosa la kisheria ambalo lilikuwa linabishaniwa tangu mwanzo, na hilo linauma.

Halafu soma vitenzi. Kujenga siyo kuhifadhi. Mwaka 2014 de Blasio alitangaza mpango wa nyumba 200,000 kwa miaka 10, ukiufungua ndani unakuta za kujengwa upya ni 80,000 na zile 120,000 ni za kuhifadhi, yaani nyumba ambazo zipo tayari na watu wanaishi humo, jiji linaweka hela au msamaha wa ushuru ili zisigeuzwe za bei ya juu. Kuhifadhi ni kazi ya maana kabisa, mi siidharau, familia inabaki pale ilipo. Ila kijana anayetafuta nyumba leo haongezewi chumba hata kimoja. Kwa hiyo tenga namba mbili, na kwenye za kuhifadhi uliza ulinzi unaisha baada ya miaka mingapi.

Hela sasa. Mamdani alisema nyumba 200,000 mpya ndani ya miaka 10, gharama dola bilioni 100, na bilioni 70 kati ya hizo jiji likope. Shida ni kwamba jiji lina kikomo cha deni na kukipandisha kunahitaji bunge la jimbo na gavana kule Albany, makao makuu ya jimbo. Hii siyo sababu ya kuikataa ahadi, ni sababu ya kuuliza nani Albany ameshakubali na wakikataa yeye ataanzia wapi. Mgombea akikuambia hela itatoka kwenye kupunguza matumizi mabaya bila kutaja fungu lolote la bajeti, hesabu hiyo ahadi haina hela.

Viwanja na vibali nitapita haraka, japo ndiko miradi mingi inakofia. New York kulikuwa na desturi kwamba diwani wa eneo akisema hapana basi baraza zima linamfuata. Novemba 4, 2025, kwenye karatasi ileile ya kumchagua meya, kulikuwa na maswali ya kubadili katiba ya jiji ili vibali vya nyumba za bei nafuu viende haraka, mojawapo lilianzisha bodi ya rufaa inayoweza kubatilisha hapana ya baraza, na yakapita. Kwa hiyo ukipiga kura usiishie kwenye picha za wagombea, soma na yale maandishi madogo, mara nyingine yana nguvu kuliko jina.

Na usibebwe na ugomvi wa nani anaishi wapi. Andrew Cuomo, mpinzani wake kwenye uchaguzi huo, alimshambulia Mamdani kwamba ana mshahara wa mbunge wa jimbo, kama dola 142,000, halafu anakaa kwenye fleti ya kodi iliyodhibitiwa ya dola 2,300 kwa mwezi kwenye mtaa wa Astoria, akapendekeza nyumba hizo ziwe na kikomo cha kipato. Watu wakashindana kumtetea na kumtukana wiki nzima. Ukiondoa majina hapo lipo swali zuri la sera: nyumba zilizodhibitiwa ziwe za wenye kipato kidogo tu, au ziwe za kila mpangaji? Ukiweka kikomo unamlinda anayehitaji zaidi, lakini nani atapekua hati za mishahara za watu zaidi ya milioni mbili kila mwaka, na muuguzi akipandishwa mshahara anahama? Upande wowote utakaochagua uwe wako kwa sababu umelifikiria hilo.

Uchaguzi ukiisha andika zile ahadi mahali, kila moja na tarehe yake. Kwa New York ni rahisi, ile bodi ya watu 9 hupiga kura ya mwisho karibu na mwisho wa Juni na kiwango kinaanza kutumika kwenye mikataba ya kuanzia Oktoba 1, vikao vyake viko wazi na mpangaji anaruhusiwa kusimama akaongea. Mwaka wa bajeti unaanza Julai 1, kwa hiyo fungu la ujenzi wa nyumba linaonekana hapohapo limeongezwa au halikuguswa. Kwa mji wako tafuta vikao viwili vya namna hiyo, kinachopanga kodi au vibali na kinachopitisha bajeti, na uwepo vikifanyika.