Kinga ya mutu wa kilo mingi: anza na gurudumu ya nyuma

Miye niko na kilo 118, na miaka mingi nilikuwa nafikiri kinga (baiskeli) haiko kitu ya batu kama miye. Ile ya kwanza niliilipia juu ya rangi, iko na vitesi (gia) mingi na amotiseri (springi ya kupunguza mitikisiko) ya mbele inaruka-ruka, muuzishaji ananiambia papa hii itakubeba mpaka Kipushi. Mwezi ya pili haiyaisha, mbele ya soko ya Kenya hapa Lubumbashi nasikia nyuma taa! rayoni (spoku) moja imekatika, kesho yake mbili, kisha gurudumu ikaanza kucheza kushoto na kuume paka inagusa kadre (fremu). Kadre yenyewe haikuwa hata na alama.

Njo maana nasema, ukienda kutafuta kinga anzia ku gurudumu ya nyuma, juu pale njo uzito yako inakalia, zaidi kama gidoni (usukani) iko juu na unakaa wima. Hesabu rayoni. 36 njo ya chini kwa mutu munene, zile za 28 achana nazo hata kama ni nzuri namna gani. Zile kinga nyeusi za zamani za chuma zilikuwa na 40 nyuma na 32 mbele, batu walijua kazi yao. Kisha kamata rayoni mbili mbili na vidole, finya: zote zikaze sawasawa. Zigonge na kucha, ile inalia chini kuliko zingine imelegea. Inua kinga, zungusha gurudumu, weka kidole karibu na janti (rimu) bila kugusa, kama inakuya inagusa kidole na kuondoka, mwambie muuzishaji aitengeneze mbele hujatoa makuta.

Ukitaka mwalimu, simama asubui ku barabara ya Kasenga uangalie ba papa benye kubeba makala (mkaa) ku kinga. Mifuko inapita kichwa ya mutu, na chini yake kinga ya chuma, vitesi hakuna, amotiseri hakuna. Amotiseri za bei ya chini zinazama chini ya mutu munene, zinakula nguvu ya miguu bure. Mupira munene wa inchi 2 wenye upepo ya kutosha unafanya hiyo kazi muzuri zaidi. Kipimo ya upepo imeandikwa ku mbavu ya mupira, sisi wanene tukae karibu na ile namba ya juu, juu mupira ukilegea shimo moja tu janti inapinda.

Uliza pia kinga imepangiwa kilo ngapi. Mingi za kawaida ni kilo 100 mpaka 120, na hapo mufuko wako wa unga uko ndani ya hesabu. Zile kinga za Buffalo zinaonekana sana ku Zambia, portibagaji (kibebeo ya nyuma) yake peke yake imetengenezwa kubeba kilo 100.

Kiti batu wengi wanakosea, wanachagua sponji laini kama kitanda. Unazama, kisha dakika makumi mbili miguu inakufa ganzi. Tafuta kiti pana, ngumu kidogo, yenye byuma bya kuikamata chini, mifupa ya matako yote mbili ikalie juu yake. Urefu: weka kisigino ku pedale ikiwa chini kabisa, muguu unyooke. Na ile nguzo ya kiti usiivute kupita alama yake, itapinda ao itavunja kadre.

Ba mama benye kupenda kadre ya chini, chagua yenye bomba mbili zinashuka pamoja, ya bomba moja inayumba.

Freni usicheze nazo, kilo mingi inataka freni kali. Za bomba (zile zinavutwa na fimbo ya chuma) ku janti ya chuma, mvula ikinyesha karibu hazishike, bora ile ya kukanyaga nyuma na pedale, ao janti ya aluminiamu. Vitesi hapa Lubumbashi si lazima, muji ni tambarare. Kama uko Bukavu ni habari ingine, kule bila vitesi utasukuma kila siku.

Ukiisha kuilipia, tembea juma mbili, kisha rudia kwa fundi akaze rayoni zote tena, juu mpya zinalegea zikizoea uzito, na ile ya kwanza kukatika inakuyaka ku zile zimelegea.