Safari ya Baiskeli Dodoma hadi Singida kwa Ajili ya Uji wa Shuleni

Mkiendesha baiskeli kuchangisha hela ya uji wa shule, anzeni hesabu kwenye sufuria, ndipo mje kwenye baiskeli. Kikombe cha uji mzito kinataka unga gramu 50 hivi. Watoto 300 ni kilo 15 kwa siku. Kwa siku 194 za masomo ni kilo 2,910. Ongezeni sukari, kuni na ujira wa mpishi, wekeni bei za soko, kisha gawanyeni kwa idadi ya waendeshaji ili kila mmoja ajue anatafuta ahadi za michango za kiasi gani. Maji, malazi na gari la mizigo mjilipie wenyewe au mtafute mfadhili mwingine. Aliyetoa hela ya uji asinunuliwe fulana kwa hela hiyo. Ahadi zikusanywe kabla ya kuondoka. Mkisubiri hadi mrudi, nyingi hazilipwi.

Peleka barua mapema kwa mkuu wa wilaya na polisi wa usalama barabarani.

Njia ni takriban kilomita 240. Laleni Bahi, Manyoni na Ikungi, siku ya nne mnaingia Singida. Nendeni kati ya Juni na Septemba: mvua hakuna, na upepo wa kusini-mashariki unawasukuma mgongoni. Ondokeni kunapopambazuka, pumzikeni saa tano hadi saa tisa. Mlima Saranda, kati ya Bahi na Manyoni, ndio mgumu. Baiskeli isiyo na gia isukumwe kwa miguu, kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, kwa sababu malori yanayoshuka yana breki zilizopata moto.

Adui wa kila siku ni mbigili na miiba ya migunga. Msiegeshe baiskeli kwenye nyasi. Tairi likitoboka, pitisha vidole polepole ndani yake kabla ya kurudisha tyubu, maana mwiba uliobaki utatoboa tena mbele kidogo. Kwaruza tyubu, paka solusheni (gundi ya viraka), subiri ikauke isinate kidoleni, ndipo ubandike kiraka. Kikibandikwa kingali kibichi hubanduka juani. Kila watu wanne wabebe tyubu mbili, spoku sita, raba za breki na pampu.

Kunywa nusu lita hadi robo tatu kila saa. Maji matupu hayatoshi kwa jasho la siku nzima: changanya lita moja na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anayeacha kutoa jasho au kuanza kuchanganyikiwa alazwe kivulini, amwagiwe maji, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Mahindi ya unga wa uji yanunuliwe kwa uangalifu kuliko baiskeli. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Pimeni unyevu, usizidi asilimia 13.5, kataeni punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kamati ya shule iyapime mbele ya wazazi na kusaini kila kilo inayotoka stoo.