Usifukuze mafuta yote jikoni: nyongo baada ya kukatwa tumbo

Mimi napika shughuli: harusi, sendofu, maulidi, mpaka arobaini. Nilikatwa tumbo la chakula ili nipungue, nikiwa na kilo 128, likabaki jembamba kama ndizi, na ndani ya miezi mitano zikawa zimeondoka kilo 37. Wateja wangu wa Tabata, Dar es Salaam, wakawa wananipita njiani bila kunitambua. Nami nikaamua adui ni mafuta, nikayafukuza. Samaki wa kuchemsha, mchicha wa kuchemsha, hata parachichi nililiona haramu.

Halafu usiku mmoja, kwenye sendofu Sinza, nikaonja pilau la chini ya sufuria, lile lililokunywa samli. Vijiko vitatu tu. Saa sita usiku maumivu yakanishika chini ya mbavu za kulia, yakazunguka hadi mgongoni, chini ya bega. Nilikaa sakafuni nimeegemea friji kwa sababu kulala sikuweza. Baba Zawadi akaja na tangawizi: “Hiyo gesi tu, mama.” Saa nane na nusu yakaisha kama vile hayakuwepo.

Zahanati moja ikanitibu vidonda vya tumbo wiki tatu. Hapa mjini kila kinachouma juu ya kitovu ni vidonda au gesi. Kwa hiyo la kwanza ni hili: ukiwa umepungua haraka baada ya upasuaji, na maumivu yanakuja saa moja au mbili baada ya kula, mahali palepale, omba altrasaundi ya tumbo. Haiumi, unakwenda bila kula saa kadhaa, na mawe mengi ya mfuko wa nyongo, kile kifuko chini ya ini kinachohifadhi nyongo, yanaonekana hapo hapo. Yangu yalikuwa madogo mengi, kama mtama.

Daktari alinieleza hivi. Mwili unapoyeyusha mafuta yake kwa kasi, ini linamwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Mfuko wa nyongo nao hukamuliwa unapokula chenye mafuta. Usipokula mafuta kabisa, au ukiruka milo, nyongo inalala humo, inakuwa nzito, mwisho inaganda mawe. Anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki yumo hatarini zaidi, na miezi ya mwanzo ndiyo mibaya. Na baada ya kukatwa tumbo nilikuwa nimepewa ursodioli, vidonge vya kuzuia mawe ambavyo wengi huandikiwa kwa miezi 6. Nilivimeza mwezi mmoja nikaviacha, kwa kuwa nilijisikia mzima. Hilo kosa ni langu. Kama umeandikiwa, maliza.

Sasa jikoni. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji fuata ratiba ya hospitali yako: vya kunywa, kisha vya kusaga, kisha laini. Ukishafika kwenye chakula cha kawaida, na kama huna mawe, mafuta yapime kwa kijiko cha chai. Kijiko kimoja ni karibu gramu 5. Mimi ningekuwa naanza upya, ningeweka kimoja au viwili kwenye mlo mkuu, kila siku, badala ya kufunga mwezi mzima halafu kuvamia pilau. Chupa ya mafuta isiinamishwe juu ya sufuria. Mkono wa mpishi haujui kipimo, nakuambia mimi.

Nazi usiiogope, igawe. Kuna tui zito la kwanza na tui jepesi la pili. Samaki wangu, changu wa soko la Feri, nampika kwa tui jepesi, kitunguu na nyanya nikivichemsha bila kukaanga, mwishoni kabisa namimina vijiko viwili vya tui zito na kuepua. Harufu inabaki ileile, mafuta ni kidogo. Kuku natoa ngozi. Protini inatangulia kwenye sahani: wengi huambiwa wafikishe angalau gramu 60 kwa siku, na tumbo dogo likijaa wali kwanza samaki hana pa kukaa. Maji nakunywa kidogo kidogo kutwa, lakini naacha nusu saa baada ya kula. Kifungua kinywa siruki, hata yai moja la kuchemsha na mtindi kidogo.

Kama mawe yapo na yameshaanza kuuma, hesabu inabadilika. Chipsi mayai, mihogo ya kukaanga, sambusa, supu ya makongoro yenye utando wa mafuta: weka kando mpaka umwone daktari wa upasuaji. Na ile dawa inayozunguka kwenye simu, mafuta ya zeituni na limau usiku mmoja “kusafisha nyongo”, achana nayo. Yale madonge ya kijani yanayotoka chooni ni mafuta yaleyale yaliyogandia tumboni. Mawe yako yako palepale, na glasi nzima ya mafuta ndiyo inayoweza kuamsha maumivu.

Usisubiri kuche, nenda hospitali ukiona homa au kutetemeka, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, kutapika kusikokoma, au maumivu yasiyoachia kwa saa kadhaa. Ukifika, sema mapema kwamba ulikatwa tumbo na aina ya upasuaji, maana waliounganishiwa utumbo upya hawafikiki kirahisi kwa mpira wa kupitia mdomoni kutoa jiwe lililoziba mrija wa nyongo. Sema pia kabla hujapewa sindano au kidonge cha maumivu: diklofenaki na ibuprofeni huweza kulichubua tumbo lililokatwa.

Mfuko wangu wa nyongo ulitolewa kwa matundu manne. Wiki za mwanzo nilikuwa nakimbilia choo kila nikila chenye mafuta, kwa sababu nyongo sasa inadondoka yenyewe bila ghala. Nilirudi kwenye kijiko kimoja cha chai, nikaongeza polepole, na uji wa shayiri ukanisaidia. Kwenye shughuli siku hizi anayeonja pilau ni Zawadi, mimi namwangalia usoni.