Somo: Uliacha The Witcher miaka kadhaa, sasa unarudi? Soma kabla hujakaa kwa kinyozi

Salaam wakuu.

Tangu Desemba 2024 ilipotangazwa kwamba Ciri, na si Geralt tuliyezoea kumchezesha, ndiye atakayeshika upanga kwenye gemu ya nne, ujumbe ninaopokea ni mmoja tu: "Mkuu, niliacha ya tatu katikati, nirudi vipi?" Nimejibu kwa upole, nimejibu kwa mkato, juzi nikajikuta namfokea mtu asiye na kosa. Basi naandika hapa mara moja. Atakayeniuliza tena nitampa kiungo cha uzi huu na nitanyamaza.

Angalizo: stori nitaitaja. Asiyetaka kuharibiwa uhondo aishie hapa.

Msimamo wangu uko wazi: huhitaji kurudia gemu zote tatu. Ninaowajua wengi walioapa kuanza toka mwanzo walikwama sura ya pili ya gemu ya kwanza, wanazunguka kinamasi cha Vizima, wakaacha tena miaka mingine mitatu. Mfululizo huu una sehemu chache mno ambapo ulichokumbuka au ulichosahau kinabadilisha kitu. Hizo zijue. Mengine utayaokota njiani.

Hatua ya 1. Fungua sevu yako ya mwisho, andika leveli, eneo na misheni kuu uliyopo. Usicheze bado.

Hatua ya 2. Gemu ya kwanza (2007). Jikumbushe tu. Geralt anaokotwa hana kumbukumbu, ngome ya Kaer Morhen inavamiwa na siri za wawinda mazimwi zinaibwa, anawafuata wezi hadi Vizima, na mwishoni anamwokoa Mfalme Foltest na muuaji ambaye macho yake ni kama ya Geralt mwenyewe. Hayo macho ndiyo mlango wa gemu ya pili. Kuunda upya gemu hii kulitangazwa 2022, kwa hiyo mwenye subira asubiri.

Hatua ya 3. Gemu ya pili (2011). Hii icheze ukipata nafasi, si ndefu. Foltest anauawa, Geralt anasingiziwa, muuaji halisi ni Letho. Mwisho wa sura ya kwanza unachagua kwenda na Roche, kamanda wa Temeria, au Iorveth, kiongozi wa waasi wa elfi, na sura ya pili yote inageuka: huku uko Vergen pamoja na Saskia, kule uko kambini kwa Mfalme Henselt. Ukimaliza, sevu ya mwisho usiifute hata kama diski imejaa.

Hatua ya 4. Kiti cha kinyozi. Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Ukianza mchezo mpya kwenye gemu ya tatu (2015), menyu inakuuliza kama unataka kuigiza sevu ya gemu ya pili, yaani kutaja matokeo yake kwa kujibu maswali. Watu wanapita. Mimi mara ya kwanza nilipita. Niliporudi baada ya mapumziko marefu nikasema safari hii nafanya sawasawa, nikakubali. Nikamaliza White Orchard, eneo la kwanza, nikapelekwa ikulu ya Vizima kwenda kuonana na Mfalme Mkuu Emhyr. Kabla ya kuonana naye wanakuosha, wanakunyoa, wanakuvisha, hadi kuinama unafundishwa. Pale kwenye kunyolewa, wembe uko shavuni, anaingia afisa wa Nilfgaard, Morvran Voorhis, na kuanza kuuliza maswali ya zamani. Ulikuwa upande wa nani? Kabaila Aryan La Valette ulimfanyaje? Mchawi Síle je? Letho je? Anauliza kama mtu anayepiga soga tu kupoteza muda. Nami nikajibu kama mtu anayepiga soga. Kwenye Letho nikasema nilimuua, kwa sababu nilimkumbuka kama adui na kwa sababu nilitaka ndevu ziishe nitoke nje nikapigane.

Ile haikuwa soga. Yale majibu ndiyo historia yako, gemu inayashika pale pale. Saa nyingi sana baadaye nimesimama Kaer Morhen, Wild Hunt, maadui wakuu wa gemu hii, inakuja, nahesabu nani yuko upande wangu. Rafiki yangu aliyekuwa ananitazama nikicheza akauliza, "Letho yuko wapi?" Nikamwambia Letho alikufa. Akasema, "Kwangu yuko hapo ukutani." Nilizima mashine, sikuigusa siku mbili.

Kwa hiyo sikieni:

Kwanza, usijibu kwa mazoea. Kama hukumbuki ulichofanya, jibu unalotaka liwe kweli. Hakuna anayekagua.

Pili, Letho akiwa hai utamkuta Velen, kwenye nyumba ya Reardon karibu na Lindenvale. Pale uwanjani kuna mitego, tembea taratibu. Ukijibu amekufa, misheni hiyo huioni kabisa.

Tatu, hakuna kinyozi wa pili. Ukishatoka kwenye kile kiti na sevu za nyuma zikafutika, umeshasema. Tengeneza sevu kwa mkono ukiwa bado White Orchard, usitegemee zile zinazojihifadhi zenyewe, kwa kuwa mpya inakalia ya zamani.

Hatua ya 5. Kuendelea na sevu ya zamani au kuanza upya? Kama hujatoka Velen, anza upya. Kama umeshafika Skellige, endelea. Unapopakia sevu utamsikia Dandelion akisimulia ulipofikia, na najua kidole chako kinawasha kumkatisha. Mwache aseme. Kisha fungua kamusi ya wahusika kwenye menyu, nayo ni maneno yake Dandelion, soma majina sita tu: Yennefer, Triss, Ciri, Emhyr, Dijkstra, Baroni. Huyo Yennefer usihangaike kumkumbuka kutoka gemu mbili za mwanzo. Ya kwanza hayumo, ya pili anaonekana kwenye kumbukumbu za Geralt tu.

Hatua ya 6. Mikono. Punguza ugumu siku ya kwanza, tafuta wale mazimwi dhaifu wa kando ya maji, pigana nao hadi vidole vikumbuke kukwepa na kuweka Quen, ile ngao ya kichawi. Usiende kwenye mkataba wa griffin ukiwa na mikono ya mtu aliyetoka kucheza gemu ya magari.

Hatua ya 7. Kisiwa cha Ukungu. Usipande mashua kwenda huko kabla ya kumaliza mambo yako. Ukienda, vita vya Kaer Morhen vinafuata, na misheni nyingi za pembeni zinakufa: za Triss Novigrad, ya Yennefer na jini kule Skellige, na hatua za mwanzo za njama dhidi ya Mfalme Radovid. Mtu aliyerudi baada ya miaka hufuata misheni kuu tu kwa sababu ndiyo pekee anayoielewa. Hapo ndipo anapoumia.

Hatua ya 8. Nyongeza: Hearts of Stone kwanza, halafu Blood and Wine. Usigeuze.

Nawasilisha. Maswali chini, lakini someni kwanza.

MASWALI

Chapuo: Mkuu somo zuri, nimepita haraka haraka. Kwa hiyo nianze na ipi?

PangaMbili: Hatua ya 5.

Chapuo: Hiyo inasema sevu. Mimi sina sevu, nilibadilisha mashine.

PangaMbili: Hilo ungelisema mwanzo. Ile apdeti kubwa ya Desemba 2022 ilileta njia ya kuhamisha sevu kati ya mashine kupitia akaunti ya GOG, lile duka la gemu mtandaoni. Kama mashine ya zamani bado inawaka, ingia huko, pandisha sevu, kisha ishushe kwenye mpya. Kama imeshauzwa, pole, anza upya na ukae vizuri kwa kinyozi.

Nyota_7: Samahani kaka, nimevutiwa na hapo kwa Síle. Nikisema nilimwokoa kuna mahali naye anatokea? Au ni swali la kupamba tu?

PangaMbili: Dada, swali zuri, na nilitamani mtu aliulize. Anatokea. Kuna misheni ya kumtoa mchawi Margarita kwenye gereza la Deireadh, Oxenfurt. Kama Síle alinusurika gemu ya pili, unamkuta humo seli. Usitegemee furaha. Wamemtesa hadi hana pa kushika, na uamuzi unaachiwa wewe. Mimi nilimwokoa miaka ile kwa huruma, nikamkuta pale, nikakaa nikajiuliza kama ilikuwa huruma kweli. Kama una muda, cheza njia zote mbili. Ni dakika chache tu lakini zinabadilisha unavyowatazama wachawi wote wa Novigrad.

Nyota_7: Asante sana. Na Iorveth? Nilikwenda naye gemu ya pili, nilimpenda.

PangaMbili: Iorveth gemu ya tatu hayumo. Wengi tumeumia hapo, karibu kwenye msiba. Roche yupo, hata kama ulimtosa.

Mzee wa Leveli: Mwandishi, kuwaambia vijana wasicheze ya kwanza ni kuwapotosha. Mtu anayeruka ya kwanza hajui kwa nini Shani akitokea kwenye Hearts of Stone moyo unashtuka.

PangaMbili: Mzee wangu, shikamoo. Sijasema wasicheze, nimesema wajikumbushe. Somo ni la waliorudi, ambao wengi waliicheza zamani. Kupigana kwake ni kubofya kwa kufuata mdundo, na mtu aliyetoka kwenye ya tatu anaona kama kalamu imekatika mkononi. Nikimwambia aanzie pale, wiki moja hayupo.

Mzee wa Leveli: Marahaba. Lakini Shani umemsahau.

PangaMbili: Kwa Shani nakubali. Ongezeni kwenye hatua ya 2: daktari mwenye nywele nyekundu, jina lake Shani, Geralt anaweza kumchagua badala ya Triss. Mmeshajua.

Kichuguu: Nimeshanyolewa, nimesema Letho amekufa, sevu ya nyuma sina. Kuna namna?

PangaMbili: Hakuna.

Kichuguu: Hata kwa modi, yale marekebisho ya wachezaji?

PangaMbili: Modi usiniulize mimi. Nilichonacho ni onyo: kama una modi za zamani na gemu imepokea apdeti ya 2022, nyingi zimevunjika. Gemu ikigoma kuwaka baada ya miaka, kabla ya kulaumu kompyuta toa kwanza yaliyomo kwenye folda ya modi.

Kichuguu: Mbona jibu kali hivyo?

PangaMbili: Si kali. Hatua ya 4 niliiandika ndefu ili usifike hapo. Ila usikate tamaa. Ukimaliza, kuna mchezo mpya wa ziada (New Game Plus) unaobaki na leveli yako. Rudi na Letho wako.

MamaGwent: Ninyi mnazungumzia Letho, mimi nimerudi kwa ajili ya karata za gwent tu. Nimesahau zipi ninazo na zipi nimekosa.

PangaMbili: Hapo nawaachia wenyewe, mimi gwent nacheza kama mtoto.

Mzee wa Leveli: Mama, nenda Novigrad, karibu na daraja la Mtakatifu Gregory kuna mchuuzi anauza kitabu cha mwongozo wa gwent. Ukiwa nacho, kinakuambia karata ngapi za msingi zimebaki na kwa nani uzitafute. Usimwache mchuuzi yeyote wa kijijini bila kucheza naye.

MamaGwent: Ubarikiwe mzee.

Nyota_7: Na mimi niongeze. Kama mnasikia Geralt anateleza kama yuko kwenye barafu, ingieni kwenye mipangilio, kuna chaguo la mwitikio wa mwendo, wekeni ile mbadala. Niliteseka wiki nzima nikidhani ni pedi yangu.

PangaMbili: Hiyo ilitakiwa iwe hatua ya 6, nimejisahau. Na nyingine: dawa hutengenezi upya kila zikiisha. Ukishatengeneza mara moja, beba pombe kali, kaa utafakari, zinajijaza. Waliorudi wengi nawakuta wanazunguka kuchuma majani kama waganga.

Kichuguu: Na ukija na sevu halisi ya gemu ya pili, ile tatuu ya shingoni inakuja nayo. Mimi ninayo. Letho sina, tatuu ninayo.

PangaMbili: Ngoja. Kama ulileta sevu halisi, Letho ulimuua mwenyewe gemu ya pili. Si kinyozi.

Kichuguu: Ahaa. Sasa nimekumbuka. Ndiyo, nilimuua.

PangaMbili: Sawa.

Chapuo: Wakuu nimerudi! Nilianza upya, nikajibu kinyozi kwa makini, nikaenda Reardon. Nimekanyaga mitego miwili lakini Letho nimempata, tumepigana pamoja, amenishukuru, ameondoka zake. Safi kabisa.

PangaMbili: Hongera. Ulimwambia aende Kaer Morhen?

Chapuo: Kwani ilibidi nimwambie?

PangaMbili: Una sevu ya kabla ya mazungumzo?

Chapuo: Ngoja niangalie.