Jinsi ya Kukagua Gari la Umeme kwa Jicho la Matengenezo Kabla ya Kulinunua

Wanunuzi wengi wa magari ya umeme huuliza kwanza gari litakwenda kilomita ngapi kwa chaji moja. Swali linalostahili uzito uleule ni hili: likigongwa, nini kitaumia, na je, kilichoumia kinaweza kubadilishwa peke yake?

Anzia chini ya gari. Betri ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko vyote, na katika magari mengi imelazwa chini ya sakafu, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mahali panapoikinga na migongano ya mbele lakini panapoiacha karibu na mawe, matuta na vyuma vilivyodondoka barabarani. Mwaka 2013, magari mawili ya Tesla Model S yaliwaka moto nchini Marekani baada ya kugonga vyuma vya namna hiyo, na mwaka uliofuata kampuni ikaongeza kinga ya titani chini ya betri. Kwa hiyo omba gari linyanyuliwe, umulike kasha lote la betri kwa tochi, ukitafuta mbonyeo, mikwaruzo mirefu, kutu kwenye boliti na alama za kimiminika cha kupozea kilichovuja. Mbonyeo hata uwe mdogo usiupuuze, kwa kuwa bamba la kupozea au seli zenyewe, yaani betri ndogondogo zinazounda betri nzima, zaweza kuwa juu yake tu. Chunguza hasa kandokando ya sehemu za kuwekea jeki, kwani jeki iliyokosea nafasi hulielemea kasha.

Kisha uliza kasha hilo linafunguliwaje. Moduli, yaani mafungu ya seli, zilizofungwa kwa boliti humwezesha fundi kubadilisha ile iliyoharibika tu. Seli zilizoshikamanishwa kwa gundi au povu na kufanywa sehemu ya fremu hupunguza uzito na kuimarisha bodi, ila hitilafu ya mahali pamoja yaweza kulazimisha betri nzima ibadilishwe. Kwa maoni yangu, asiye na gereji maalumu karibu naye achague muundo wa kwanza. Bodi zenye vipande vikubwa vya alumini iliyomiminwa katika kalibu nazo zina shida inayofanana na hiyo, isipokuwa pale mtengenezaji alipotanguliza vyuma vya kufunga kwa boliti, ambavyo hukunjika kwanza katika mgongano mdogo.

Tundu la kuchajia likiwa puani, kama lilivyo kwenye Nissan Leaf za vizazi viwili vya kwanza, kugongwa kidogo mbele kwaweza kulizuia gari lisichajiwe. Rada zilizofichwa nyuma ya bampa na kamera ya kioo cha mbele huhitaji kusawazishwa upya baada ya kubadilishwa vipande hivyo, gharama ambayo ni rahisi kuisahau.

Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse kamwe: hubeba umeme wa volti 400 hivi, na katika baadhi ya magari 800. Kabla ya kulipa, iulize gereji kama ina fundi aliyefunzwa kuzima umeme huo, na uitake kampuni ya bima ieleze kwa maandishi iwapo uharibifu wa kasha la betri umo katika bima yako.