Somo: Mambo ya Kutarajia Unapokwenda Kutibiwa kwa Akupancha Mara ya Kwanza

Wanachama kadhaa wa Kigoma Mjini na Ujiji wameuliza kuhusu akupancha, yaani ile tiba ya sindano yenye asili ya China, baada ya kusikia kwamba jamaa zao waliosafiri waliitumia kutuliza maumivu ya mgongo na magoti. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuchomwa sindano ya aina hiyo.

Hatua ya kwanza: pima hospitalini kabla ya yote. Homa ipimwe malaria. Mgongo unaouma usiku kucha, huku mwili ukipungua na jasho likitoka, unaweza kuwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo. Na mtu ambaye mguu umelegea ghafla au ameshindwa kuzuia mkojo awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Akupancha haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Imechunguzwa zaidi kwa maumivu sugu ya mgongo, shingo na goti, pamoja na kichwa kinachouma mara kwa mara. Hata huko nafuu yake huwa ya wastani, na katika majaribio mengi waliochomwa sindano za kuigiza, yaani zisizo za tiba halisi, walipata nafuu isiyopishana sana na ya wenzao. Nayasema haya mapema ili mtu asije akauza nyavu zake kwa kutarajia muujiza.

Hatua ya pili: hakikisha mtoa huduma amesajiliwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosimamia usajili huo. Omba kuonyeshwa cheti, na ukizungushwa, aga uondoke.

Hatua ya tatu: kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla, vaa nguo pana zinazopandishwa hadi magotini na viwikoni, na beba dawa zote unazotumia.

Hatua ya nne: mahojiano. Ziara ya kwanza huweza kuchukua saa nzima, na sehemu kubwa yake ni maswali kuhusu usingizi, choo, hamu ya kula na hedhi, hata kama kilichokupeleka ni goti. Mtabibu atakutazama ulimi na kushika mapigo kwenye vifundo vya mikono yote miwili. Usione haya kumweleza kama una mimba, kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, au kama umewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kwa kuwa baadhi ya watabibu hupitisha umeme mdogo kwenye sindano.

Hatua ya tano: sindano zenyewe. Hapa ndipo macho yako yanapohitajika. Pakiti ifunguliwe mbele yako, kila sindano itumike mara moja tu, kisha itupwe kwenye boksi la vifaa vyenye ncha kali; akitoa sindano kwenye kikombe au kitambaa, simama uvae viatu. Sindano hii haina tundu wala haibebi dawa, na unene wake ni kama robo ya milimita, hivyo ni nyembamba sana kuliko ya kudungia hospitalini. Mara nyingi huwekwa ndani ya kijibomba cha plastiki, ikagongwa kwa kidole, nawe ukahisi mchomo mdogo kama wa siafu. Baadaye, ndani zaidi, huja uzito, ganzi au mvuto, ambao Wachina huuita deqi na huuhesabu kuwa dalili njema. Maumivu makali au ya kuruka kama umeme si dalili njema. Sema papo hapo. Usishangae mgongo ukitibiwa kwa sindano za chini ya goti. Utalala na sindano hizo kwa dakika 20 hadi 30, bila kujigeuza.

Hatua ya sita: baada ya kuchomolewa. Doa la damu, mvilio mdogo au uchovu ni mambo ya kawaida. Keti kidogo kabla ya kupanda bodaboda, maana kuna wanaopata kizunguzungu. Ukipata kifua kubana au pumzi kukatika baada ya kuchomwa kifuani au mgongoni juu, nenda hospitali bila kusubiri. Ni nadra, lakini sindano inaweza kutoboa pafu. Mapatano kuhusu idadi ya ziara na bei yafanyike siku ya kwanza, pamoja na siku ya kutathmini kama kuna nafuu.

Maswali ya wanachama

Swali (mvuvi, Kibirizi): Shikamoo mwalimu. Kazi yangu ni dagaa, usiku kucha navuta nyavu. Nikichomwa mchana, naweza kuingia ziwani usiku?

Jibu: Marahaba. Ni bora upumzike usiku huo. Panga matibabu siku za mbalamwezi, wakati ambao hamwingii ziwani. Tena mgawane zamu za kuvuta, kwa sababu mgongo unaorudishwa kwenye mzigo uleule utauma tena.

Swali (Ujiji): Je, hii ni sawa na hijama?

Jibu: Hapana, kaka. Hijama hutumia vikombe, na aina yake mojawapo huchanja ngozi ili kutoa damu. Akupancha haikusudii kutoa damu, ingawa wapo watabibu wanaofanya zote mbili, basi uliza mapema utafanyiwa ipi.

Swali (Mwanga): Nina mimba changa na kichefuchefu kinanisumbua. Inanifaa?

Jibu: Dada, kuna sehemu ya ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye kifundo kuelekea kiwiko, ambayo hutumika kwa kichefuchefu, na unaweza hata kuibonyeza kwa kidole gumba bila sindano. Watabibu wengi huepuka sehemu iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada kwa wajawazito. Ukifikia kutapika hata maji, nenda kliniki leo.

Swali (Ujiji): Mama yangu anatumia dawa za presha. Akianza sindano aziache?

Jibu: Asiziache hata siku moja. Mtabibu akimwambia aziache, mrudishe mama nyumbani, kisha mpeleke kwa daktari aliyemwandikia dawa hizo.