Kuzamia Mlango wa S, Mayotte: hesabu mwezi kwanza

Mie mtu wa Nungwi. Kisiwa chetu ni matumbawe ya kale, na miaka kumi na mbili nimepeleka wageni Mnemba, kwa hiyo nilipofika Mayotte nilidhani najua maji. Nilikuwa najua maji ya kwetu tu.

Mayotte, kwenye visiwa vya Komoro, ni volkano kikongwe. Karthala, mlima wa kisiwa jirani cha Ngazidja, bado ni volkano hai, lakini Mayotte ni kongwe zaidi na inadidimia polepole, huku matumbawe yakijijenga pembeni yake. Ndivyo ilivyopatikana laguni, yaani bahari iliyozungukwa na mwamba, ya kama kilomita za mraba 1,100, karibu mara tatu ya nchi kavu. Maji huingia na kutoka mara mbili kwa siku kupitia milango kwenye mwamba, na wakati wa bamvua (siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo) tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mlango maarufu uko mashariki. Umejipinda kama herufi S, na Wafaransa wanauita Passe en S. Wanajiolojia husema ulikuwa bonde la mto zamani, bahari ilipokuwa chini.

Basi kabla ya tiketi, tazama mwezi. Kama ni mgeni wa mikondo, chagua siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, yaani siku ya 8 hadi 10 au ya 22 hadi 24 tangu mwezi kuandama. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo waachie waliozoea. Siku yenyewe, ingia maji yakiwa bado yanajaa, kama saa moja kabla hayajasimama. Maji yanayojaa hutoka bahari kuu, ni safi, na ukichukuliwa unachukuliwa kuelekea ndani. Yanayokupwa hubeba tope la laguni, na baada ya mvua hubeba ule udongo mwekundu wa volkano unaomomonyoka milimani. Tena yanakupeleka nje.

Hili nimelilipia. Safari yangu ya pili tulichelewa gatini, nikamshawishi nahodha tushuke hivyo hivyo, ilhali maji yamekwisha geuka, na ni bamvua. Niliibuka nje ya mwamba, chombo nakiona kidogo kama kifuu. Kilichoniokoa ni boya la kupuliza, lile refu la rangi ya chungwa. Lako liwe mfukoni mwako, usitegemee la kiongozi.

Chombo kikifungwa kwenye boya la mlango (nanga hapa haitupwi ovyo), shuka ukifuata kamba, kisha ukutani. Kaa mita 12 hadi 20. Chini kunaita, korongo linazidi kwenda, lakini samaki wengi wako juu na hewa yako itadumu. Usipige mapezi kushindana na mkondo: jibanze nyuma ya jiwe, pumzika, kisha jiachie. Uvuvi umepigwa marufuku mlangoni tangu 1990, na utauona ukweli wake kwa macho. Chewa hawakukimbii, kolekole na mizia hupanga safu kwenye mkondo, mkunga anachungulia kila shimo. Angalia pia upande wa maji ya wazi, mgongo kwa ukuta, maana papa na taa hupita huko wakati wewe umeinamia konokono. Mwisho, dakika 3 kwenye mita 5, boya juu.

Siku ya mapumziko nenda N'Gouja, kusini. Mtungi hauhitajiki, miwani na mrija vinatosha. Kasa wanakula majani ya bahari karibu na ufukwe. Usiwaguse, usielee juu yao moja kwa moja, maana lazima wapande kuvuta pumzi. Kwa Shimaore, lugha ya wenyeji, kasa ni *nyamba*, nami nikasikia ng'amba wetu humo humo. Tofauti ni kwamba kwetu ng'amba ni yule wa magamba ya thamani peke yake. Ukienda Julai hadi Oktoba, nyangumi wenye nundu huwa wamekuja kuzaa, na wakati mwingine utawasikia wakiimba ukiwa chini.

Mambo ya makaratasi: Mayotte ni mkoa wa Ufaransa tangu 2011, lakini viza ya kawaida ya Schengen haikufikishi huko, omba inayoitaja Mayotte. Pesa ni yuro, na bei zinauma. Kimbunga Chido kilipiga 14 Desemba 2024, kwa hiyo uliza klabu kama inafanya kazi kabla ya kulipia chumba. Uwanja wa ndege uko kisiwa kidogo, Petite-Terre; unavuka kwa feri hadi Mamoudzou.

Ukizamia siku kadhaa mfululizo, zipite angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Mie saa hizo huzimalizia sokoni Mamoudzou, nikibishana bei kwa Kiswahili na mama wa ndizi anayenijibu kwa Shimaore, na bado chenji inatoka sawasawa.